Kutazama picha na sanamu kunatuliza akili kweli? Jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, nimeusoma uzi wako na majibu yaliyotangulia. Umesema msongo wa mawazo umekuandama kwa muda, ukashauriwa utembelee majumba ya sanaa, ukaenda, ukazunguka vyumba vyote, ukatoka miguu inauma na kichwa kizito kuliko ulivyoingia. Sasa unauliza kama mambo haya yana ukweli au ni porojo za watu wenye nafasi. Wengine wamekuambia ujaribu tena, na mdau mmoja kasema sanaa kazi yake ni kupamba ukuta tu. Nami nakujibu kwa niliyoyapitia, na pale wataalamu walipopima kitu nitakisema.

Inasaidia. Ila haisaidii kwa namna inavyotangazwa, kwamba uone kitu kizuri, ufurahi, mawazo yaondoke. Picha za kuchangamsha hazijawahi kunitoa popote nikiwa nimezama. Zilizonisaidia ni zile zilizoitazama huzuni usoni, tena pale tu nilipozipa muda.

Nianze na hiyo miguu, maana ina historia. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa jumba la sanaa la Boston aliandika makala kuhusu uchovu wa makumbusho, akaambatanisha picha za mtu anayejipinda, kuinama na kuchuchumaa ili aone vitu vilivyopangwa bila kumfikiria mtazamaji. Yeye alishughulika zaidi na mgongo na shingo. Mimi naona moyo nao unachoka. Ukutani hapa mtakatifu anauawa, pembeni yake bakuli la matunda, mbele kidogo meli zinaungua baharini. Kila fremu inakudai hisia mpya na ile ya kwanza hujamaliza kuilipa. Ukitoka humo baada ya vyumba thelathini halafu ukajisikia mtupu, hakuna ubovu wowote kwako.

Na karibu wote tunatazama hivyo hivyo. Watafiti waliwachunguza watazamaji kimyakimya katika jumba la Metropolitan, New York, na matokeo yao ya 2001 yalionyesha kwamba mtu husimama mbele ya kazi moja kwa wastani wa sekunde 27 hivi, na nusu ya mitazamo ilikuwa ya sekunde 17 au pungufu. Humo humo kuna kusoma kibandiko. Walipolirudia zoezi hilo kwenye jumba la sanaa la Chicago, matokeo yakatoka 2017, muda ulikuwa karibu ule ule, ila safari hii walikuta watu wanaipa picha mgongo ili wapige selfi nayo. Sekunde 17 zinatosha kujua kitu kinaitwaje. Sidhani zinatosha kuguswa nacho.

Mwendo wangu ni mwingine. Naingia, nazunguka haraka bila kusoma chochote, na macho yakigoma kuondoka mahali, nakaa hapo hapo. Kama kuna benchi, vizuri zaidi. Dakika za mwanzo hazina raha yoyote, nisikudanganye. Akili inaleta kila kitu ulichokikimbia: deni, ujumbe ambao hujaujibu, maneno uliyoambiwa na bosi. Unahisi kila mlinzi anakutazama. Halafu, bila kujua ni saa ngapi, jicho linaanza kazi. Unaona mkono wa mtu pichani umekaa vibaya. Unajiuliza kwa nini. Unagundua anaficha kitu, au hana nguvu ya kuufunga. Deni bado lipo, lakini limepata mpinzani.

Profesa Jennifer Roberts wa Harvard huwataka wanafunzi wake wakae saa tatu mbele ya kazi moja. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kwa picha iliyochorwa na John Singleton Copley mwaka 1765, ya kijana aliyekaa na kindi mezani, na ameandika kwamba zilimpita dakika tisa nzima kabla hajang'amua kuwa umbo la sikio la kijana limerudiwa kwenye manyoya ya tumbo la kindi. Huyu ni mtaalamu, kitu kiko mbele ya macho yake, na bado dakika tisa! Saa tatu mimi siziwezi. Dakika ishirini kwangu zinatosha, na kumi si haba.

Kwa nini hilo linatuliza? Mwenye msongo anajua jinsi wazo moja linavyozunguka kichwani usiku kucha bila kufika popote. Ukilifukuza linarudi na wenzake. Kutazama kwa makini hakulifukuzi, ila jicho linapewa kazi ambayo haina mtihani, haina mshindi, na hakuna atakayekuuliza umepata nini. Kwangu hiyo ndiyo nusu ya dawa.

Nusu ya pili inahusu huzuni, na hapa nitakaa kidogo.

Mdogo wangu alipofariki, wazazi wangu waliacha kuzungumza. Hawakugombana. Baba alikuwa anakaa amejikumbatia, anatazama ukuta. Mama alikuwa ameinama muda wote, hata akiwa hana kazi mikononi. Sisi watoto tuliobaki tukawa tunapita katikati yao kama wageni. Nilidhani nyumba yetu ina kasoro, kwamba familia nyingine hulia pamoja na kushikana mikono, sisi tumeshindwa.

Baadaye sana nilikutana na picha za sanamu mbili za Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani. Mwanawe Peter aliuawa vitani Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Kollwitz akaanza kumtengenezea kumbukumbu, akaiacha, akairudia, na haikusimikwa hadi 1932. Leo iko kwenye makaburi ya askari wa Kijerumani huko Vladslo, Ubelgiji, mbele ya kaburi la Peter. Ni baba na mama wamepiga magoti. Baba amejikumbatia, mgongo umenyooka, macho mbele. Mama ameinama. Na hawagusani. Kila mmoja amepiga magoti juu ya jiwe lake, na katikati yao pana nafasi ambayo mtu mzima anaweza kupita.

Mkuu, nilikaa na zile picha mpaka kiti kikaanza kuniumiza. Mwanamke aliyefiwa na mtoto alihangaika karibu miaka 18 kutafuta namna ya kuionyesha huzuni, na alipofika mwisho akawaweka wawili hao mbalimbali. Hakuwakumbatisha ili sisi watazamaji tupate nafuu. Nyumba yetu ilikuwa pale, jiwe kwa jiwe. Nililia, na hakikuwa kile kilio cha kuzidiwa. Kilikuwa cha mtu aliyeambiwa kwamba hayuko peke yake na hajakosea kuomboleza. Kesho yake nilimpigia baba simu. Hatukuongea la maana, lakini nilimpigia.

Ndiyo maana nasita mtu akisema wenye huzuni waonyeshwe maua na machweo tu. Mwaka 2017 mtafiti Winfried Menninghaus na wenzake walichapisha maelezo ya jambo hili: tukijua kwamba kilicho mbele yetu ni sanaa, tunapata umbali wa usalama, na umbali huo ndio unaoturuhusu kuzisogelea hisia ambazo maishani tungezikimbia. Huzuni iliyo ndani yako haina kingo. Ikiwekwa kwenye jiwe au turubai unaweza kuizunguka, kuitazama mgongoni, ukachoka, ukaenda zako ukaiacha pale.

Lakini hapa pana tahadhari, na kwenye uzi huu sijaona aliyeitaja. Si kila hali inabeba kila picha. Roger Ulrich, mtafiti aliyeonyesha mwaka 1984 kwamba wagonjwa waliokuwa na dirisha linalotazama miti walipona upasuaji upesi kuliko waliotazama ukuta wa matofali, alifanya na wenzake jaribio jingine Uppsala, Sweden, kwa wagonjwa 160 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Waliowekewa picha ya maji na miti walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Waliowekewa picha dhahania, yenye maumbo ya pembe kali, walikuwa na wasiwasi kuliko hata wale ambao hawakuwekewa picha kabisa. Inaeleweka. Mtu amelala, hana uwezo wa kuondoka, na kitu kisichoeleweka kimemkodolea macho usiku na mchana.

Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Majuma yale ambayo usingizi ulikata kabisa, Kollwitz angenimaliza. Picha nyeusi za Goya, mchoraji wa Hispania, zile alizozichora kwenye kuta za nyumba yake kati ya 1819 na 1823, mpaka leo nazitazama nikiwa na afya tu. Wakati ule nilichoweza kuvumilia ni bahari na miti, tena yenye rangi zilizopoa. Huzuni ya kutazamwa ilikuja baadaye, nilipokuwa na miguu ya kusimamia. Kwa hiyo kama uko kwenye hali ya kutolala, kutokula, au kuona maisha hayana maana, anza na daktari au mshauri nasaha. Picha zitakusubiri.

Kuhusu mdau aliyetuwekea ile habari ya watalii wanaozimia Florence kwa kuzidiwa na uzuri: ipo, daktari wa akili Graziella Magherini alikusanya visa vyake zaidi ya mia moja na kuviandikia mwaka 1989. Gawanya kwa mamilioni ya watalii waliopita mji ule, kisha endelea na safari yako.

Umeuliza pia kwa nini picha maarufu hazikukugusa. Mtafiti Edward Vessel na wenzake, mwaka 2012, waliwalaza watu 16 kwenye mashine ya kupima ubongo na kuwaonyesha picha 109, kila mmoja azipe alama kuanzia moja hadi nne kwa jinsi zinavyomgusa. Ule mtandao wa ubongo unaofanya kazi tunapojifikiria wenyewe na kukumbuka yaliyopita kwa kawaida hutulia tukitazama vitu vya nje. Hapa uliamka kwa picha zilizopewa nne tu. Tatu hazikutosha. Na watu wale walikubaliana kidogo sana ni picha zipi zinastahili nne. Kinachokugusa kinagonga mlango wa maisha yako, na mwongoza watalii hana ufunguo wake. Kwa hiyo usijilazimishe kupenda kitu kwa sababu kuna foleni mbele yake.

Sasa kwa wale wanaotaka ithibati. Utafiti unaopendwa kutajwa ni wa London, 2006, ambapo wafanyakazi wa ofisini waliingia jumba la sanaa saa ya chakula cha mchana, na kotisoli, homoni ya msongo, ikashuka mateni mwao ndani ya muda mfupi. Mzuri, lakini kundi lilikuwa dogo, na halikulinganishwa na watu waliokwenda tu kukaa bustanini. Mkubwa zaidi ulichapishwa na jarida la tiba la BMJ mwaka 2019: watu 6,710 wa Uingereza wenye miaka 50 na zaidi, wakafuatiliwa miaka 14. Waliokwenda makumbusho, maonyesho, tamthilia au muziki kila baada ya miezi michache au zaidi walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 31 kuliko wasiokwenda kamwe. Kabla hujashangilia: anayekwenda makumbusho mara nyingi ana fedha, miguu mizima na marafiki. Watafiti walijaribu kuyaondoa hayo kwenye hesabu na tofauti ikabaki, ila wenyewe walisema utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sanaa ndiyo sababu. Montreal, Kanada, ilipofika 2018 madaktari waliruhusiwa kuwaandikia wagonjwa ziara ya bure ya jumba la sanaa, na naliunga mkono jambo hilo, mradi lisiwe njia ya kumnyima mtu matibabu mengine.

Huna jumba karibu? Skrini inafaa. Mimi Kollwitz nilimpata kwenye skrini, sijawahi kukanyaga Vladslo. Ila zima taarifa za simu, na uikuze picha, utembee ndani yake kipande kwa kipande. Mtafiti Linda Henkel alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliopiga picha vitu vya makumbusho walivikumbuka vibaya kuliko waliovitazama tu, lakini waliovuta karibu sehemu moja ya kitu kabla ya kupiga hawakupungukiwa. Kuchagua pa kutazama ndiko kunakofanya kazi.

La mwisho uliuliza kama uende na mkeo. Nenda naye, lakini msitazame pamoja. Kila mmoja atafute kazi yake, akae nayo, mkutane mlangoni mkiwa mmetulia. Halafu kila mmoja ampeleke mwenzake kwenye yake, na anayepelekwa asiseme kitu mpaka aulizwe. Mimi na wangu tumejuana zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa vikao vya sebuleni. Ukijaribu, leta mrejesho hapa, hata kama ni kutuambia mlikaa kwenye benchi mkasinzia.