Luang Prabang kwa miguu

SWALI: Mimi na mume wangu tutakuwa Luang Prabang, Laos, Januari, siku moja tu. Tutembeeje?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Mji mkongwe umebanwa kati ya mito Mekong na Nam Khan, hivyo kupotea ni kazi: ukiona maji, fuata ukingo. Tokeni alfajiri, watawa wanapopita kupokea sadaka ya wali. Simameni kando, msiwaguse wala kuwamulika kwa flashi. Sweta ni lazima. Kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa Mikindani hajaizoea. Kisha nendeni nchani, hekalu la Wat Xieng Thong la karne ya 16. Kanga itafunika mabega, mume avae suruali ndefu. Viatu vya kamba vitawachosha, maana vinavuliwa kila mlango wa hekalu.

Daraja la mianzi la Nam Khan hujengwa kiangazi na kubomolewa kabla ya mafuriko. Kuvuka hulipiwa, wekeni noti ndogondogo za kip. Kilima cha Phousi kina ngazi zaidi ya 300, na magharibi hujaa pomoni; bora mpande asubuhi. Barabarani magari hushika kulia, kinyume na kwetu: tazameni kushoto kwanza, hasa pikipiki.