Filamu ya Vita kwa Milioni Tatu: Nilichojifunza kwa Askari Mmoja Mreno

Juma lililopita kijana mmoja wa Masasi aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina milioni tatu, nimezikusanya kwa misimu miwili ya korosho. Nataka kutengeneza filamu ya vita. Wanaume mia, bunduki, mizinga, yote. Nianzie wapi?"

Nilimjibu mistari miwili, kisha usiku sikulala vizuri. Niliona sikumtendea haki, kwa sababu swali lake nililibeba mimi mwenyewe miaka mingi, na lilinigharimu kiwanja cha marehemu baba. Basi jibu lake ni hili, na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile, kwa hiyo lisomeni kama lenu.

Mwaka 2018 niliuza kile kiwanja. Nilitaka kusimulia Vita Kuu ya Kwanza ilivyopita kusini kwetu, na kichwani niliona jeshi. Nilikusanya vijana 60. Fundi cherehani akatushonea sare za kaki, seremala akatuchongea bunduki za mbao. Siku ya kwanza niligundua kwamba jeshi ni matumbo. Watu 60 wanywe chai asubuhi na chapati mbili mbili, mchana wali maharage, jioni nauli ya kurudi nyumbani. Siku ya tatu fedha ilikuwa imefika nusu, na nilikuwa nimepiga sini mbili tu, yaani matukio mawili ya filamu. Siku ya nne walikuja vijana 19. Siku ya tano sikuwaita tena.

Lakini fedha haikuwa jeraha lenyewe. Jeraha ni picha. Nilipokaa kuitazama kwenye kompyuta niliona vijana 60 wasiojua watazame wapi, sare zote mpya, zimekunjamana mahali pamoja kwa kuwa zilitoka kwenye gunia moja. Hapakuwa na vita pale. Mtu mmoja aliyeniahidi nusu ya bajeti alikuja siku ya pili, akasimama chini ya mkorosho kama robo saa, akaondoka, na simu yangu hakuipokea tena mpaka leo. Sitamtaja. Ila sijasahau alivyogeuka bila kuaga. Mtu akikuamini, hata kwa siku moja, unastahili kuagwa.

Diski yenye picha zile niliifungia kabatini miaka mitatu.

Idi ya mwaka 2021 binamu yangu alikuja Mtwara. Yeye amekulia ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na Kireno anakijua kama anavyokijua Kimakonde. Alikuwa na filamu kwenye flashi, akasema, "Kaa, utazame hii, halafu uniambie kama bado umekata tamaa." Ilikuwa *Soldado Milhões*, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Gonçalo Galvão Teles na Jorge Paixão da Costa, na iliyotoka miaka mia kamili baada ya vita inayosimuliwa. Tuliitazama kwenye laputopu, yeye akinifasiria, nusu Kiswahili nusu Kimakonde. Ilipoisha nilimwomba airudishe mwanzo.

Filamu ile haina jeshi. Ina mtu mmoja.

Mtu huyo aliishi kweli. Jina lake ni Aníbal Augusto Milhais, mkulima, aliyezaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha Valongo, huko Murça, kaskazini mwa Ureno kwenye milima na ardhi kavu. Alikuwa mfupi wa kimo. Ujerumani ilipoitangazia Ureno vita Machi 1916, Ureno ilipeleka Ufaransa jeshi la watu wapatao 55,000, naye akawa mmojawao. Walikaa kwenye mahandaki miezi na miezi, wamechoka, wengi bila likizo. Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1918, kwenye bonde la mto Lys, Wajerumani walifungua mizinga na gesi, kisha wakaja ndani ya ukungu. Divisheni ya pili ya Wareno ilikuwa imetandazwa kwenye mstari wa kilomita kama 11, na ilikuwa ikingoja kupumzishwa siku hizohizo. Ilivunjika asubuhi ileile. Wareno waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa walikuwa kama 7,000, wengi wao mateka.

Milhais alikuwa na bombomu, yaani bunduki ya rashasha, aina ya Lewis, ambalo Wareno walilibadilisha jina kwa mapenzi wakaliita Luísa. Wenzake Wareno na Waskoti walipoanza kurudi nyuma, yeye alibaki. Alipiga risasi, akahama, akapiga tena, mpaka Wajerumani wakadhani wanakabiliana na kikosi kizima. Wenzake wakapata nafasi ya kuondoka. Mwisho akajikuta peke yake nyuma ya mstari wa adui, amepotea. Husimuliwa kwamba alitangatanga siku tatu akila lozi tamu tu, na kwamba njiani alimwokoa afisa wa Kiskoti, daktari, aliyekuwa akizama kwenye kinamasi. Daktari yule ndiye aliyewapa wakubwa habari. Kamanda wake alimwambia maneno ambayo Wareno wote wanayajua: wewe ni Milhais, lakini thamani yako ni Milhões, yaani mamilioni. Jina likamkaa. Alipewa nishani ya Mnara na Upanga, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote nchini kwao.

Sasa mtazame mwongozaji mwenye fedha kidogo akiipokea hadithi hii. Ukungu unaficha, kwa hiyo huhitaji kuonyesha adui elfu. Shujaa yuko peke yake, kwa hiyo huhitaji kulisha vijana 60. Handaki ni ukuta wa udongo mita chache. Bunduki ni moja. Na filamu haibaki vitani tu, inakwenda na kurudi kijijini, miaka mingi baadaye, Milhais akiwa mtu mzima anamwinda mbwa mwitu milimani, binti yake akimfuata. Mlima, mbwa mwitu, baba na mtoto. Sini hizo hazina risasi za jeshi hata moja, na mimi ndizo zilizonibana kifua, kwa sababu unamwona mtu ambaye vita haijatoka mwilini mwake.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la mwaka 2018. Nilikuwa nimetengeneza umati, na mtazamaji haulilii umati. Anamlilia aliyebaki nyuma. Kijana wa Masasi, kama utasahau yote, usisahau hili: chagua mtu mmoja. Ukiona bajeti imekuzidi, rudi uulize ni nani huyo mtu mmoja. Ukikwama kwenye skripti, jibu ni lilelile.

Na usidhani hadithi za namna hii ziko Ufaransa tu. Wareno haohao walipigana hapa, kwenye udongo ninaoukanyaga kila siku. Aprili 1916 waliichukua Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma. Baadaye mwaka huohuo wakavuka mto, wakapanda uwanda wa Makonde na kuliteka boma la Newala. Novemba walizingirwa humo na jeshi la Wajerumani, na mwisho wakalazimika kurudi ng'ambo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, alivuka Ruvuma akawavamia Ngomano, kamanda wao akafa, na silaha zao zikawa zake. Katika yote hayo nani alibeba mzigo? Babu zetu. Askari kwa upande huu na ule, na wapagazi wengi kuliko askari. Kariakoo tunayokwenda kununua vitenge imepata jina lake kwa wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps.

Mimi ni mtu wa Newala kwa mama. Nani asiyejua kwamba maji ya Newala yako bondeni na watu wako juu? Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, kisha hadithi ikaja yenyewe: boma limezingirwa, na mpagazi mmoja anatumwa usiku na debe kwenda kutafuta maji. Hadithi yote ni kwenda na kurudi. Nimeitunga, sikuikuta kwenye kitabu, lakini kila kitu kilichomo kingeweza kutokea.

Filamu ina dakika 22. Ilinigharimu milioni mbili na laki nane, waigizaji wanne, siku tano za kupiga picha. Kwa kuwa tulikuwa watu tisa tu pamoja na mafundi, kila mtu alikula samaki na kila mtu alilipwa siku ileile jioni. Nasema hili kwa fahari, kwa sababu wapo waliosema siwezi kumaliza kitu. Nimemaliza.

Ukungu sikuununua. Newala asubuhi, pale karibu na Shimo la Mungu, unakuja wenyewe kutoka bondeni. Tulikuwa tumekaa tayari saa kumi na moja alfajiri, kamera imefungwa, mwigizaji amelowa, tunangoja. Siku mbili haukuja. Siku ya tatu ukaja mzito hata sikuona mikono yangu, na ndani ya dakika arobaini tulipiga nusu ya filamu. Mahali ukungu ulipokosekana tuliwasha makumbi ya nazi mabichi kwenye nusu ya pipa, moshi wake ni mweupe na unatambaa chini. Mweke mtu na ndoo za maji hapo muda wote. Mikorosho ya watu si ya kuchezea.

Bombomu linaonekana mara moja tu, kwa sekunde sita. Bomba la plastiki la inchi nne, kwa sababu Maxim la Wajerumani lilikuwa na mtungi mnene wa maji kuzunguka mtutu, rangi nyeusi isiyong'aa, na miguu niliyochomelewa na fundi wa mageti. Sehemu nyingine zote unalisikia tu. Sauti yake ni ile mashine ya kuvunjia zege ya wajenzi wa barabara, niliirekodi kutoka mbali, kisha nikaichanganya na kijiti kinachopigwa kwenye bati. Tumia fedha kwenye sauti. Nimeona filamu nyingi za vijana wetu zina kamera ya mamilioni, halafu sauti imerekodiwa na kamera hiyohiyo, na upepo unavuma kuliko mwigizaji. Sauti ndiyo inayojenga jeshi ambalo huna.

Sare msizitumie mpya. Zile za 2018 nilizitoa kabatini, nikawapa waigizaji wavae shambani wiki tatu, walime nazo, walale nazo. Zikawa nguo za watu.

Na kabla hujatoa hata bunduki ya mbao nje ya nyumba, hakikisha una kibali chako cha kupiga filamu, kisha nenda serikali ya kijiji, na polisi wajue siku na saa. Mikoa ya mpakani watu wana sababu ya kuogopa silaha. Usimtie bibi wa mtu hofu kwa ajili ya sini yako.

Vijana wenzangu, nitasema ukweli ambao utauma. Wengi wetu tunataka filamu ya vita kwa sababu ya milipuko. Tunataka kuonekana tunaweza kama wao. Ndiyo maana tunauza viwanja. Milhais aliporudi kwao alikuta umaskini uleule. Mwaka 1924 kijiji chake kikapewa jina lake, Valongo de Milhais, lakini jina la kijiji halijazi sufuria, na mwaka 1928 alikwenda Brazili kutafuta maisha, mpaka Wareno wa kule wakachangishana fedha wamrudishe nyumbani, shujaa asihangaike ugenini. Alikufa mwaka 1970. Filamu yake ina nguvu kwa kuwa waliomtengeneza waliheshimu hilo, mtu maskini aliyefanya jambo kubwa na akaendelea kuwa maskini. Kama humheshimu mtu wako, usimpige picha. Mwache apumzike.

Wao wana kijiji chenye jina la askari. Sisi pale Posta, Dar es Salaam, tuna sanamu ya Askari tangu mwaka 1927, ameshika bunduki yenye singe, na hana jina. Anawawakilisha wote. Nilipita mbele yake mara ngapi nikikimbilia daladala!

Juni mwaka huu tuliionyesha filamu Newala, kwa shuka nyeupe ukutani na jenereta. Nilitegemea makofi. Ilipoisha palikuwa kimya, halafu mzee mmoja aliyekaa mbele akainuka akitegemea fimbo. Hakusema chochote kuhusu filamu. Alitaja jina la babu yake, akasema, "Alibeba mizigo, akavuka Ruvuma, hakurudi." Akakaa. Mama mmoja nyuma akataja la kwao. Kisha mwingine. Waliendelea karibu nusu saa, jenereta linanguruma, mimi naandika kwenye kile kidaftari cha kuhesabia posho. Nina majina 23.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Masasi, kabla ya kununua chochote kwa zile milioni tatu, nenda kwa wazee wa kwenu uulize nani hakurudi. Bombomu la bomba la inchi nne lipo stoo kwangu, limekaa vizuri, mguu mmoja tu unahitaji kuchomelewa upya. Njoo ulichukue.