Maswali Yenu Kuhusu Kolaji za Kompyuta: Maski, Kingo na Kivuli Kilichosahauliwa

Barua nyingi safari hii zinatoka kwa watu wanaoanza kutengeneza kolaji kwa kompyuta, yaani picha moja iliyounganishwa kutoka vipande vya picha mbalimbali. Nimechukua zile zinazouliza ambacho wengi wanakihangaikia.

Sina fedha za kulipia programu kila mwezi. Nianze na ipi?

Anza na GIMP, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 1996, na vyote ambavyo kolaji inavitaka vimo: matabaka, maski, zana za kukatia, brashi. Kama hutaki kusakinisha kitu, fungua Photopea ndani ya kivinjari. Sura yake inafanana sana na Photoshop, programu maarufu ya kulipia, na faili zake za PSD inazifungua. Ila usimalize mwezi mzima ukilinganisha programu. Mahali kitufe kilipo utapazoea. Ukishaelewa tabaka na maski, utahama kutoka programu moja kwenda nyingine bila shida kubwa.

Mwalimu wangu hakubali nitumie kifutio. Kosa liko wapi?

Mwalimu wako yuko sahihi, msikilize. Matabaka ni kama karatasi angavu zilizolazwa juu kwa juu: cha juu hukifunika cha chini, na kila kimoja unakisogeza peke yake. Kifutio huziondoa pikseli zenyewe, vile vinukta vya rangi vinavyoiunda picha, kwenye tabaka. Ukigundua kesho kwamba ulimkata mtu sikio, sikio halipo tena. Maski haiondoi kitu, inaficha tu. Ukiipaka nyeupe, sehemu hiyo ya picha huonekana. Ukipaka nyeusi, hufichika. Ukipaka kijivu, huonekana nusunusu. Sikio limepotea? Paka nyeupe hapo, linarudi kama lilivyokuwa. Kwenye GIMP na Photoshop, herufi X hubadilishana rangi mbili za brashi, kwa hiyo mkono mmoja ukae kwenye X na mwingine kwenye kipanya. Baada ya kazi mbili tatu hutakumbuka hata kama kifutio kipo.

Nikifuta nyuma ya mtu kwenye GIMP panatokea weupe, si uwazi. Kwa nini?

Picha yako ni JPEG, na JPEG haijui uwazi. Bofya tabaka lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uliongezee chaneli ya alfa, ile inayotunza uwazi. Basi.

Nimemkata mtu vizuri na kumweka kwenye picha ya ufukwe, lakini kila anayeiona anasema amebandikwa. Nifanye nini?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kabla ya kugusa zana yoyote, uliza mwanga unatoka wapi. Tazama kivuli cha pua na kile cha chini ya kidevu, halafu tazama vivuli vya mchangani. Ikiwa uso umeangazwa kutoka kushoto na ufukwe kutoka kulia, jicho la mtazamaji litakataa hata kama hajui kwa nini. Wakati mwingine kumgeuza mtu kama kwenye kioo kunatosha, mradi nguo zake hazina maandishi. Lakini picha iliyopigwa juani adhuhuri na nyingine ya siku ya mawingu haziwezi kupatanishwa kwa brashi. Tafuta picha nyingine. Najua inauma kuiacha picha uliyoipenda, lakini kuchagua picha kwa kufuata mwanga kutakuokolea saa nyingi kuliko zana yoyote.

La pili ni upeo wa macho, ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Ikiwa picha ya ufukwe ilipigwa na mtu aliyesimama, kwenye ardhi iliyo sawa, mstari huo unapita karibu na usawa wa macho ya kila mtu mzima aliyesimama, awe karibu au mbali. Mpunguze au mkuze mtu wako mpaka macho yake yakaribie hapo, na nyayo zake zikanyage mahali anapotakiwa kusimama. Mara nyingi mtu anayeonekana kuelea tatizo lake ni hili.

La tatu, kingo. Ule utando mweupe kuzunguka kichwa ni masalia ya mandhari ya zamani, kwa sababu pikseli za ukingoni hubeba rangi za pande zote mbili. Bana eneo ulilolichagua kwa pikseli moja au mbili, kisha lilainishe kidogo. Kidogo tu! Kingo zilizolainishwa kupita kiasi zinamfanya mtu aonekane kama mzimu.

Mwisho, kivuli. Kiweke kwenye tabaka lake, chini ya mtu, na tabaka hilo ulichanganye kwa njia ya Maltiplai (Multiply), inayokoleza kilicho chini bila kukifunika, ili mchanga uonekane kupitia kivuli. Kikolee pale kisigino kinapogusa ardhi, kisha kififie na kulainika kadiri kinavyokwenda mbali. Usitumie nyeusi tupu. Chukua rangi kutoka kwenye kivuli kingine kilichomo kwenye picha ileile.

Kwenye skrini kazi yangu ilipendeza, lakini nilipoichapa ikatoka na ukungu.

Pikseli hazikutosha. Kwa karatasi ya A4 inayoshikwa mkononi, kipimo cha kawaida ni pikseli 300 kwa inchi, yaani turubai (eneo la picha unalofanyia kazi) ya pikseli 2480 kwa 3508. Ifungue turubai ya ukubwa huo kabla ya kubandika chochote. Ukianza na ndogo ukaja kuikuza mwishoni, kompyuta itakisia tu kilichokosekana.

Nihifadhi kwa PNG au JPEG?

Kazi inayoendelea isiwe yoyote kati ya hizo. Ihifadhi kwa faili ya programu yenyewe, XCF kwa GIMP au PSD kwa Photoshop, maana hizo ndizo zinazotunza matabaka na maski. Ukimaliza, toa nakala: PNG ukihitaji uwazi, JPEG kwa kumtumia mtu. JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohifadhiwa upya, kwa hiyo usiifungue na kuihifadhi tena na tena.

Naweza kutumia picha yoyote ninayoikuta kwenye intaneti?

Hapana. Kuikuta si kupewa, na kuikata vipande hakufuti hakimiliki. Piga zako mwenyewe, au nenda kwenye hazina zilizofunguliwa: jumba la Metropolitan Museum of Art la New York, mwaka 2017, liliachia picha zaidi ya 375,000 za kazi zake kwa leseni ya CC0, inayokuruhusu kuzikata na hata kuuza ulichotengeneza. Na nyuso za watu ziheshimu. Ruhusa ya mpiga picha si ruhusa ya aliyepigwa.

Je, ni lazima kolaji ifanane na picha halisi?

Si lazima hata kidogo, na nimefurahi umeuliza baada ya hayo yote niliyoyasema kuhusu vivuli. Msanii wa kolaji Hannah Höch, huko Berlin mwaka 1919, alikuwa akikata magazeti na kuweka vichwa vikubwa juu ya miili midogo, na hakuna anayetazama kazi zake akitafuta kivuli kilichokosekana. Alama za mkasi zinaonekana waziwazi, na ni sehemu ya kazi. Kinachoharibu ni kubaki katikati: kivuli kimoja cha kweli, vitatu vimesahauliwa, kingo nusu laini nusu kali. Ukichagua njia ya mkasi, acha kingo zote ziwe kali, kisha kila kipande kipe kivuli chembamba cha upande uleule, cha pikseli chache tu, kama unene wa karatasi iliyogundishwa juu ya nyingine.