Maswali na majibu: Nimwachie fundi gani baiskeli yangu ya milimani?

Maswali mengi tuliyopokea safari hii yanahusu kumpata fundi wa kumwamini. Baiskeli za milimani zimeongezeka mijini, nyingi zikiwa mtumba zenye breki za mafuta na shokapu, na si kila kijiwe kina vifaa vya kuzihudumia. Tumechagua maswali saba.

Nimehamia Moshi na baiskeli yenye breki za mafuta na shokapu ya mbele. Mafundi ni wengi. Nitamjuaje wa kumwachia?

Usianze na kazi kubwa. Mpelekee kwanza kazi ndogo, kama kurekebisha gia na kunyoosha rimu, na uioshe baiskeli kabla ya kwenda ili asitazame matope. Halafu simama pembeni umwangalie dakika tano za mwanzo.

Fundi wa kuaminika hupima kabla ya kufungua. Huinua gurudumu na kulizungusha huku jicho lake liko kwenye diski. Hubana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole kikiwa pale shingo ya usukani inapokutana na fremu, asikie kama kuna mchezo. Hushika tairi kwa juu na kulitikisa kushoto na kulia kupima beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hufuta cheni kwa kitambaa, kisha huweka kipimo juu yake. Baada ya hapo hukuuliza unaendesha wapi, mara ngapi kwa wiki, na tatizo lilianza lini. Anayekutajia bei kabla hajaigusa baiskeli anakisia tu.

Tazama na vifaa vyake. Kwa baiskeli yako anahitaji kipimo cha cheni, spana ya nyota T25 ya boliti za diski, bomba za kutolea upepo kwenye breki, chombo cha kunyooshea sikio la gia (kipande kinachoushika mkono wa gia kwenye fremu), na toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Hiyo ya mwisho si pambo. Boliti nyingi za shingo ya usukani zimeandikwa 5 Nm au 6 Nm, na fundi anayezikaza kwa nguvu za mkono tu huharibu nyuzi za aluminiamu, au hupasua usukani wa kaboni bila wewe kuona chochote siku hiyo.

Kisha muulize swali moja: "Fundi, breki hizi utaziwekea mafuta gani?" Jibu zuri ni kuinama na kusoma maandishi kwenye mkono wa breki. Akikujibu "yoyote tu, mafuta ya breki ni yale yale," chukua baiskeli yako uondoke. Akikwambia "kazi hii siwezi, mpelekee fulani," kazi nyingine zote mpelekee yeye bila wasiwasi.

Fundi wa hapa Nairobi anasema cheni imekwisha na kaseti (rundo la gia za nyuma) pia, nibadilishe vyote. Nitajuaje kama ni kweli?

Pima mwenyewe, rula ya shule ya inchi 12 inatosha. Kutoka pini moja hadi inayofuata kwenye cheni ni nusu inchi, kwa hiyo pini 24 mbele ni inchi 12 kamili. Pandisha cheni kwenye gia, kanyaga pedali kidogo ili sehemu ya juu ikazike, weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha soma mwisho wa rula. Cheni mpya, alama ya inchi 12 itaangukia katikati ya pini. Cheni iliyolika, pini itakuwa imeipita alama.

Ikiwa imepita kwa milimita 1.5, hiyo ni asilimia 0.5. Kwa baiskeli ya gia 11 au 12 nyuma, badilisha cheni sasa na kaseti itabaki salama. Kwa gia 8, 9 au 10 unaweza kusubiri hadi milimita 2.3 hivi. Ikishafika milimita 3, yaani asilimia 1, fundi wako ana haki ya kuitilia shaka kaseti, kwa sababu meno yameshalika kufuata cheni iliyovutika.

Hata hapo kuna njia ya kuhakikisha. Mwambie afunge cheni mpya peke yake, uende ukapande mlima kwa nguvu ukiwa kwenye gia unazotumia sana. Cheni ikiruka juu ya meno, kaseti imekwisha. Isiporuka, fundi alikuwa anakuuzia usichohitaji. Hakikisha pia amenunua cheni ya idadi ya gia zako, na kiungo cha kufungia cha idadi hiyo hiyo. Akitoa pini kwa nyundo na msumari kisha akairudisha ile ile, kataa. Pini za cheni nyembamba za kisasa zimetanuliwa kichwa kiwandani, na ikishagongwa nje haishiki tena. Cheni ya namna hiyo hukatika ukiwa umesimama juu ya pedali, na goti lako ndilo linalokutana na usukani.

Na kila kilichobadilishwa, udai cha zamani. Mwambie siku unapoiacha baiskeli, si siku ya kuichukua.

Fundi mmoja wa Arusha aliniwekea mafuta ya breki ya gari kwenye breki zangu za Shimano. Wiki mbili baadaye mkono wa breki unarudi polepole, na gurudumu linabanwa. Ninaweza kuyamwaga nikaweka yanayotakiwa?

Pole sana, kwa sababu kosa hili ni ghali. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Tektro na Magura pia hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM na za Hayes hutumia DOT, jamii ya yale ya gari, ingawa SRAM nayo ina modeli mpya za mafuta ya madini. Ndiyo maana fundi lazima asome maandishi kwanza. Aina hizi mbili hazichanganyiki. Sili, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya madini zikikutana na DOT huvimba. Sili ikivimba pistoni hairudi nyuma, pedi zinaendelea kugusa diski, diski inapata moto, na mkono wa breki unakuwa mzito kama unavyoeleza.

Kumwaga na kusafisha hakutarudisha sili iliyovimba. Kwa breki za daraja la kawaida, kinachofanyika mara nyingi ni kununua seti nzima: mkono, paipu na kibanio chake. Usiendeshe baiskeli hiyo kwenye mteremko hata mara moja kabla ya hapo. Mrudie fundi kwa upole, chukua na chupa ya mafuta aliyotumia kama bado anayo, mweleze kilichotokea. Aliye muungwana atabeba sehemu ya gharama, na atajifunza asimharibie mwingine.

Mkifunga breki mpya, angalieni na diski. Nyingi za Shimano huwa milimita 1.8 zikiwa mpya, na kikomo chake ni 1.5, kimechorwa kwenye diski yenyewe. Pedi zilizodondokewa na mafuta zitupwe. Kuzichoma kwa kiberiti au kuzisugua kwa msasa hakutoi mafuta yaliyokwisha kuzama ndani. Diski ifutwe kwa spiriti na kitambaa safi ambacho hakijagusa grisi. Halafu pedi mpya zizoeshwe: endesha kwa mwendo wa wastani, banza breki hadi mwendo upungue sana bila kusimama kabisa, achia, rudia mara 20 hivi kwa kila gurudumu. Watu wengi huruka hatua hii, kisha hulalamika kwamba breki mpya zinapiga kelele na hazishiki.

Huku Mwanza fundi wetu yuko chini ya mwembe, maisha yake yote ametengeneza Phoenix. Naweza kumpa baiskeli ya gia?

Ndiyo, kwa kazi zake. Mtu aliyenyoosha rimu za Phoenix miaka mingi husikia mkazo wa spoki kwa kuzigonga na kidole, na wengi wa mafundi wa maduka makubwa hawamfikii. Mpe rimu, spoki, pancha, pedali, na habu zenye gololi za kufungua na kupaka grisi. Mkumbushe tu kwamba nati za spoki zikiwa za aluminiamu ni laini, na zinataka spana inayokaa sawasawa.

Usimpe breki za mafuta wala shokapu kama hana vifaa. Ufa kwenye fremu ya aluminiamu usiupeleke kwa mchomeleaji wa mageti. Joto la kuchomelea hulainisha aluminiamu pembeni mwa mshono, na baada ya hapo fremu hukatika pale pale. Na akitaka kupaka cheni oili chafu ya injini, mzuie kwa heshima: ile oili ina vumbi la chuma ndani yake, na inavuta mchanga.

Niko Dar. Gia zinaruka, fundi anakaza waya, baada ya wiki zinaruka tena. Ameshakaza mara nne.

Waya huenda hauna kosa. Simama nyuma ya baiskeli, inama, utazame vile vigurudumu viwili vidogo ambavyo cheni hupita chini ya kaseti. Vinatakiwa viwe kwenye mstari mmoja wima na jino lililo juu yao. Vikielekea ndani kuelekea spoki, sikio la gia limepinda. Sikio ni kile kipande cha aluminiamu kinachoshika mkono wa gia kwenye fremu, na kimetengenezwa laini makusudi ili kipinde chenyewe, fremu ibaki salama. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia mara moja tu, au ikilazwa hivyo kwenye buti la gari, inatosha.

Fundi mwenye chombo chake hukifunga mahali pa mkono wa gia na kulinganisha umbali hadi kwenye rimu, juu, chini, mbele na nyuma. Ni kazi ya dakika kumi. Baada ya kunyoosha ndipo arekebishe skrubu mbili za mipaka, kisha waya mwishoni kabisa. Masikio yako ya aina nyingi mno, kwa hiyo siku ukilipata la kwako nunua mawili, moja utembee nalo kwenye begi.

Kwa pwani tunaongeza jambo moja. Chumvi hutia kutu waya ndani ya paipu yake, na gia zinakuwa nzito kurudi hata sikio likiwa sawa. Badilisheni waya na paipu pamoja. Waya mpya ndani ya paipu yenye kutu ni kazi bure.

Dodoma tuna miiba ya migunga kila njia. Fundi anasema tairi za tyublesi (zisizo na tyubu ndani) hazifai huku. Ni kweli?

Si kweli, ndizo zinazofaa zaidi. Zinahitaji maji ya kuziba ya kutosha: mililita 100 hadi 120 kwa tairi la inchi 29 lenye upana wa inchi 2.3. Kwa joto lenu hukauka mapema, basi yaangalie kila baada ya miezi miwili. Tairi likigoma kukaa kwenye rimu kwa pampu ya mkono, fundi pancha wa magari ana kompresa. Nenda na adapta ya valvu nyembamba, na usimruhusu avuke upepo ulioandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye rimu. Anayependekeza umimine gundi ya viraka ndani hajawahi kufanya kazi hii.

Nikiiacha baiskeli kwa fundi, tuandikiane nini, na nikague nini siku ya kuichukua?

Geuza baiskeli, piga picha namba ya fremu iliyo chini ya krenki, na picha moja ya baiskeli nzima. Karatasi iwe na kazi zilizokubaliwa, jina la kila spea na bei yake, na kiasi ambacho fundi hatakivuka bila kukupigia simu. Kianzio kitoshe kununua spea, si kumlipa kazi ambayo hajaifanya. Kama kuna huduma ya shokapu, muulize ataweka mafuta mililita ngapi kila upande. Kila modeli ina kipimo chake, na asiyekuwa nacho asiifungue. RockShox, kwa mfano, wanataka sehemu ya chini ya shokapu ihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, kwa hiyo andika na tarehe.

Siku ya kuichukua usilipe kabla ya kuipanda. Banza breki zote mbili kwa nguvu kwa sekunde kumi. Mkono ukizama polepole hadi kwenye usukani, upepo bado umo au mafuta yanavuja. Zungusha magurudumu, sikiliza diski. Pita gia zote, kwenda na kurudi. Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti uujaribu usukani kama unageuka wenyewe. Angalia pedali ya kushoto imeingia hadi mwisho na imenyooka: nyuzi zake ni za kinyume, hukazwa kuelekea kushoto, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na mafundi wenye haraka. Kama spoki zimebadilishwa, kubalianeni kabisa kwamba utarudi baada ya safari mbili au tatu ili akaze tena bila malipo, kwa sababu spoki mpya hulegea kidogo zinapokaa mahali pake.