Holda Ikikaa Upande: Kurekebisha Viatu vya Hoki ya Barafuni

Mchezaji akilalamika kwamba kiatu kimoja kinalalia ndani kila anapoteleza, jibu analopewa huwa ni lilelile: imarisha vifundo vya miguu. Mara nyingine ni jibu sahihi. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikifungua na kufunga viatu vya wachezaji wenzangu, na nimekuta vingi ambavyo mwenye mguu hana kasoro yoyote. Kasoro iko chini ya soli. Holda, ile plastiki inayobeba chuma cha kutelezea, imepigwa ribiti (vipini vifupi vya chuma vinavyokunjwa mwisho ili vishike) ikiwa imekwenda pembeni. Milimita mbili tatu zinatosha kumsumbua mtu msimu mzima, na hilo hunisikitisha kwa sababu linarekebishika.

Chuma cha kiatu cha hoki kina unene wa karibu milimita 3, na uzito wote wa mwili unapita hapo. Kikisogea upande wa nje wa mguu, uzito unabaki ndani yake, kiatu kinalalia ndani, na makali ya ndani yanashika barafu hata unapotaka kwenda moja kwa moja. Kikisogea ndani, kiatu kinalalia nje. Mchezaji hupambana na hali hiyo bila kujua. Hukaza kamba kupita kiasi, uvungu wa wayo huanza kuuma, na mguu mmoja huchoka kabla ya mwenzake.

Hata hivyo, usiikimbilie holda. Yapo mambo matatu yanayoleta dalili kama hizo, na yote ni mepesi kuliko kung'oa ribiti. La kwanza ni makali. Kiatu kilichonolewa vibaya huwa na makali ya upande mmoja marefu kuliko ya upande wa pili. Laza kipande cha chuma kilichonyooka juu ya makali yote mawili, kikikingama, kisha tazama kama kimefanya pembe mraba na ubavu wa chuma cha kiatu. Kikiinama upande, rudisha kwa mnoaji kwanza. La pili ni chuma kilichopinda: kitoe, ukilinganishe na rula ya chuma. La tatu ni bolti iliyolegea inayoshika chuma ndani ya holda. Ukisikia mlio mdogo unapobadilisha mwelekeo kwa nguvu, anzia hapo. Katika holda nyingi bolti hizo ziko chini ya soli ya ndani. Nyingine zina kitufe cha kufyatulia chuma, na hizo hukaguliwa kwa kutikisa chuma kwa vidole.

Yakiisha hayo, fanya jaribio la mguu mmoja. Jipe mwendo wa wastani, kunja goti kidogo, nyanyua mguu wa pili, acha kiatu kijiendee. Rudia kwa mguu mwingine. Kama makali yana kimo sawa na bado kiatu kilekile kinakunja njia kuelekea upande uleule, sasa unayo haki ya kuishuku holda. Nyumbani kipindue kiatu, funga jicho moja, tazama chuma kwa urefu wake kuanzia kisigino. Nyuma kinapaswa kupita katikati ya kisigino, na mbele kielekee karibu na kidole cha pili. Linganisha na kiatu cha pili. Tofauti ikiwepo, utaiona bila kipimo chochote.

Simama pia pekupeku, mtu akutazame kwa nyuma. Kama vifundo vinaangukia ndani hata bila viatu, basi huenda holda haikukosewa, ila kuisogeza bado kunaweza kukusaidia.

Wengi hufika hapa na kuweka kitu chini ya soli ya ndani ili kuinua upande unaolala. Mimi sipendi njia hiyo kama tiba ya holda. Inainua wayo ndani ya kiatu, inaubana mguu juu, na chuma kinabaki palepale kilipokosewa. Soli ya ndani nzuri ni ya kuubeba uvungu wa wayo. Kazi ya kunyoosha kiatu si yake.

Kama kiatu ni kipya, kirudishe ulikokinunua kabla hujakigusa kwa drili. Ukishatoboa, udhamini huwa umekwisha.

Kazi yenyewe inafuata kanuni moja: kiatu kinacholalia ndani, holda isogezwe ndani, kinacholalia nje, isogezwe nje. Anza na milimita 2. Vaa miwani ya kinga na barakoa, kwa sababu soli nyingi za leo ni za nyuzi za kaboni na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Saga ule upande wa ribiti uliokunjwa, kisha isukume itoke kwa kupiga taratibu na msumari butu. Usiikwanyue holda kwa koleo wala bisibisi. Soli ikichanika umejiongezea kazi kubwa kuliko uliyoanza nayo.

Ugumu wote uko kwenye matundu. Ukisogeza kidogo, tundu jipya linaingiliana na la zamani, linakuwa na umbo la yai, na ribiti haina pa kushika. Baadhi ya mafundi hukwepa hilo kwa kupeleka holda mbele au nyuma kidogo ili matundu yaangukie mahali pazima. Sikubaliani nao, maana wanatibu mizani ya pembeni kwa kuharibu ya mbele na nyuma. Jaza matundu ya zamani kwa gundi ya epoksi, iache ikauke kabisa, ndipo utoboe upya. Ndani ya kiatu weka washa pana (kile kipande bapa cha chuma chenye tundu katikati) mahali ambapo soli inaonekana dhaifu.

Kabla ya ribiti, funga holda kwa bolti na nati chache, mbili tatu mbele na idadi hiyohiyo nyuma, uende barafuni kuteleza polepole tu. Usicheze mechi wala usisimame kwa kishindo. Rudia jaribio la mguu mmoja. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwani bolti inafunguka kwa dakika chache na ribiti haifunguki.

Kuna viatu ambavyo kusogeza pekee hakutoshi, hasa soli yenyewe ikiwa imeinama. Hapo ndipo kabari nyembamba inapofaa, kati ya soli na holda, upande ule ambao kiatu kinaangukia. Iwe ya plastiki ngumu au ngozi iliyoshindiliwa, na iende urefu wote wa kikanyagio cha holda, yaani sehemu yake inayogusa soli. Kabari fupi huacha plastiki ikining'inia, na plastiki inayoning'inia hupasuka.

Ukiridhika, piga ribiti kwa kupokezana, kulia kisha kushoto, kama unavyokaza nati za gurudumu. Zibane hadi holda itulie, usizidishe. Paka silikoni kidogo kwenye kila tundu ili maji yasiingie, kisha noa chuma upya. Baada ya mazoezi ya mwanzo shika holda kwa mikono miwili uisokote: ikicheza hata kidogo, kuna ribiti haijashika, na ibadilishwe hiyo peke yake. Soli ikiwa imeanza kupasuka kutoka tundu hadi tundu, usiendelee kutoboa. Mwonyeshe fundi wa viatu vya barafuni, au tafuta kiatu kingine.