Jibu: Kwa nini gari la spoti huruka kwenye kona yenye mabonde licha ya shokamzoba kuwa ngumu

Mkuu, umeuliza kwa nini gari lako dogo la viti viwili, baada ya kufungwa shokamzoba (vifaa vya kutuliza mruko wa springi) ulizozifumua na kuziongezea ugumu wewe mwenyewe, linatulia vizuri kwenye kona laini lakini linarukia pembeni mara tu kona inapokuwa na mabonde yanayofuatana, na iwapo dawa yake ni kuongeza ugumu tena. Ninajibu kwa urefu kwa sababu kosa hilo hilo tulilifanya sisi, mafundi watatu, tulipokuwa tukitengeneza shokamzoba za kubadilishia kwa gari la aina hiyo, na tulipoteza miezi minne kabla ya kutambua kwamba tulikuwa tukimnywesha mgonjwa sumu ile ile iliyomlaza.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo hujui hata kama shokamzoba zako ni ngumu au ni laini. Tuseme gurudumu moja la mbele linabeba kilo 230 za bodi, na ugumu wa springi ukipimwa pale pale kwenye gurudumu ni nyutoni 25 kwa milimita. Bodi hiyo ikiachiwa itapanda na kushuka takribani mara 1.66 kwa sekunde. Ukinzani wa mpaka, yaani ule wa kuzuia mwendo ambao ukiufikia bodi hurudi mahali pake bila kuyumba hata mara moja, unapatikana kwa kuzidisha uzito kwa ugumu (ukiwa umegeuzwa kuwa nyutoni 25,000 kwa mita), kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kukizidisha kwa mbili; hapa unafika nyutoni 4,800 hivi kwa kila mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Gari la familia huridhika na asilimia 25 hadi 35 ya kiwango hicho, na sisi kwa gari la spoti tulilenga asilimia 65, ambayo ni kama 3,100. Hata hivyo hiyo ni hesabu ya gurudumu, si ya shokamzoba. Ikiwa gurudumu likipanda milimita 10 shokamzoba inajibana milimita 7 tu, inabidi ugawe kwa 0.7 mara mbili, kwa sababu mkono wa sasipenshini hupunguza mwendo unaoifikia shokamzoba, na tena hupunguza nguvu inayorudi kwenye gurudumu. Jibu ni karibu 6,400, na maana yake ni kwamba shokamzoba ikisukumwa kwa mita 0.1 kwa sekunde inapaswa kukataa kwa nyutoni 640.

Sasa, laiti ukinzani huo ungeendelea kukua vivyo hivyo hadi mita 1 kwa sekunde, ambayo ukingo mkali wa shimo unaweza kuifikisha, shokamzoba ingekataa kwa nyutoni 6,400, karibu mara tatu ya uzito wa bodi inayobebwa pale. Ndiyo sababu mchoro wa shokamzoba nzuri, unaoonyesha nguvu yake kwa kila mwendo, una goti. Chini ya mita 0.1 kwa sekunde, ambako bodi hulala kwenye kona na kuinama kwenye breki, mstari hupanda kwa ukali; baada ya hapo vali hufunguka na mstari hulala. Goti hilo linatengenezwa na vitu viwili vidogo sana: tundu la kupitishia oili, na pakiti ya washa nyembamba za chuma zinazokaa juu ya pistoni na kupinda oili inapozisukuma. Ugumu wa washa hufuata unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe, hivyo kubadilisha washa ya milimita 0.15 ukaweka ya 0.20, tofauti ambayo kidole hakiwezi kuihisi, kunaifanya iwe ngumu mara 2.4. Nakumbuka jioni moja tulivyobishana kwa saa nzima kuhusu matokeo ya ajabu ya shokamzoba ya kushoto, kumbe washa mbili zilikuwa zimegandana kwa oili na kufungwa kama moja. Tangu siku hiyo kila washa hupimwa kwa mikromita mbele ya mtu wa pili.

Nije kwenye tatizo lako. Ninahisi kwamba ugumu ulioongeza umekwenda zaidi upande wa kurudi, yaani wakati shokamzoba inatanuka, kwa sababu ndio upande ambao dereva huupenda haraka: gari linahisiwa limeshikwa. Sisi tulifika mahali ambapo upande wa kurudi ulikuwa mara nne ya upande wa kubana. Bonde la kwanza lilibana springi kirahisi, lakini kabla springi haijamaliza kutanuka bonde la pili lilikuwa limeshafika, kisha la tatu, na kila mara bodi ilibaki chini kidogo kuliko ilivyokuwa. Kufikia bonde la nne au la tano gari lilikuwa limekalia stopa za mpira, zile zinazozuia shokamzoba isijibane hadi mwisho, ambazo zikishabanwa hugeuka springi ngumu kupindukia, na hapo ndipo liliporuka. Dereva alitueleza kwa uaminifu kabisa kwamba gari ni laini mno, linagonga chini. Nasi tukaongeza ugumu wa kurudi, likazidi kugonga. Kumbuka pia kwamba gurudumu lenyewe, likiwa na kilo 30 na tairi lenye ugumu wa nyutoni 200 kwa milimita, hutetema karibu mara 14 kwa sekunde, hivyo lina kama sehemu 36 za elfu za sekunde kulifuata bonde chini. Likizuiwa kushuka kwa muda huo, tairi linaning'inia hewani, na tairi lisilogusa lami halina mshiko hata liwe la bei gani.

Kilichotufumbua macho kilikuwa pete ya mpira tuliyoivisha kwenye rodi, ule mchuma unaoingia na kutoka kwenye shokamzoba. Tuliisogeza hadi ikagusa sili ya mdomo wa shokamzoba, gari likapita kwenye kona mara moja tu, tukaangalia: pete ilikuwa imesukumwa hadi ndani ya eneo la stopa, milimita 18 zaidi ya tulivyokuwa tumekisia. Baadaye tulifunga kihisi cha mwendo kinachosoma mara 500 kwa sekunde, nacho kilionyesha waziwazi urefu wa shokamzoba ukipungua ngazi kwa ngazi, lakini ukweli ni kwamba pete ilikuwa imeshasema yote.

Kuna jambo lingine la kuangalia kabla ya kulaumu washa, nalo ni gesi. Shokamzoba ya tyubu moja hutegemea shinikizo la naitrojeni lililo nyuma ya pistoni inayoelea. Kwa pistoni ya milimita 46, rodi ya milimita 14 na gesi ya bari 15, upande wa kubana unaweza kutoa kama nyutoni 2,260 kabla oili iliyo nyuma ya pistoni haijakatika na kufanya mapovu ya mvuke. Gesi ikivuja hadi bari 5, mpaka huo unashuka hadi 750 tu. Kwenye mashine ya kupimia utaliona hilo kama sehemu bapa mwanzoni mwa mkondo wa kurudi, pale pistoni inapotembea bila kukuta kitu hadi mapovu yazibike. Barabarani utalisikia kama mlio mdogo wa kisigino kinachogonga sakafu ya mbao.

Kuhusu mashine, sharti langu ni moja: usilinganishe michoro miwili iliyopimwa kwa joto tofauti. Sisi hupasha shokamzoba moto hadi nyuzi 40, tunapima, tunaifikisha 90, tunapima tena, na tunataka kuona pengo lililopo kati ya michoro hiyo miwili. Tunapima pia kwa mwendo wa kinyonga kabisa, mita 0.005 kwa sekunde, ili tujue msuguano wa sili peke yake. Barabarani tunatumia njia iliyofungwa, tairi zile zile zenye upepo ule ule, na dereva haambiwi amefungiwa nini. Baada ya kila badiliko tunarudisha seti ya mwanzo. Kama hakuitambua, maoni yake ya siku hiyo tunayaweka kando, bila kumwonea haya.

Kwa hiyo usifungue shokamzoba bado. Visha pete kwenye rodi zote nne, pita kona ile ile kwa kasi ile ile, kisha uandike hapa kila pete imebakiza milimita ngapi kufikia stopa, pamoja na pakiti ya washa uliyoweka upande wa kurudi, kwa mpangilio wake. Ikiwa za mbele zimeingia kwenye stopa na za nyuma bado, nitakuomba upunguze upande wa kurudi wa mbele kwa theluthi moja kabla ya kugusa kitu kingine chochote.