Maswali na Majibu: Kuunganisha Hifadhi ya Kidijitali na Tovuti

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkutubi katika chuo ambacho tasnifu na ripoti zake za utafiti zimehifadhiwa katika DSpace, ilhali tovuti yetu imejengwa kwa Drupal. Kila kazi mpya inapoingia katika hifadhi, mwenzangu hupakua faili ya PDF na kuipakia tena kwenye tovuti, kisha huandika upya jina la mwandishi, mwaka na ikisiri. Orodha hizi mbili zimeanza kutofautiana. Je, tuhamishie kila kitu kwenye Drupal, au ipo njia ya kuunganisha mifumo hii?

JIBU: Ndugu Mkutubi, msihamishe chochote. DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa MIT na kampuni ya Hewlett-Packard, iliundwa ili itunze faili kwa muda mrefu na kuipa kila kazi anwani ya kudumu. Drupal iliundwa ili ipange kurasa na habari. Orodha zenu zinatofautiana kwa sababu taarifa ileile inahaririwa mahali pawili. Amueni kwamba hifadhi ndiyo yenye kauli ya mwisho, na kwamba tovuti itapokea metadata (taarifa zinazoeleza kila kazi, kama jina la mwandishi, mwaka na ikisiri) kutoka huko bila mtu yeyote kuigusa upande wa pili.

Njia iliyozoeleka ni itifaki ya OAI-PMH (kanuni za pamoja za kukusanya metadata kutoka kwenye hifadhi), ambayo toleo lake la 2.0 limekuwapo tangu mwaka 2002. Tovuti hutuma ombi la kawaida la wavuti, na hifadhi hujibu kwa XML, muundo wa maandishi ambao programu huweza kuusoma. Kila hifadhi inayofuata itifaki hii hulazimika kutoa angalau Dublin Core sahili, seti ya kawaida ya metadata yenye vipengele 15, vikiwemo kichwa, mtunzi, mada, tarehe na haki. Kwa upande wa Drupal, moduli ya Migrate ikisaidiwa na Migrate Plus inaweza kusoma XML hiyo na kuigeuza kuwa kurasa. Majibu marefu hukatwa vipande vipande, na kila kipande huambatana na tokeni ya kuombea kinachofuata. Programu isiyoifuata tokeni hiyo itawaletea kipande cha kwanza tu, nanyi mtadhani kazi imekamilika. Baada ya mavuno ya kwanza, yaani ukusanyaji wa kwanza wa metadata, ombeni rekodi zilizobadilika tangu mavuno yaliyopita pekee, mkikumbuka kwamba tarehe inayotumika hapo ni ya kubadilika kwa rekodi, wala si ya kuchapishwa kwa tasnifu.

Jambo ninalowasihi mlishughulikie kabla ya yote ni ufutaji. Tasnifu inapoondolewa katika hifadhi, pengine kwa sababu ina taarifa za siri za watu waliohojiwa, haitoshi iondoke upande mmoja huku ukurasa wake ukibaki kwenye tovuti. Tumeni ombi la OAI-PMH liitwalo Identify, msome hifadhi yenu inatangaza nini kuhusu rekodi zilizofutwa: kwamba inaweka kumbukumbu zake daima, kwamba inaziweka bila uhakika wa kudumu, au kwamba haiziweki kabisa. Ikiwa si daima, vuneni upya rekodi zote mara kwa mara na kuondoa kwenye tovuti kila isiyoonekana tena.

Faili zenyewe zibaki zilipo. Kiungo cha kila ukurasa kielekee kwenye anwani ya kudumu ya kazi, yaani Handle au DOI, kwa kuwa anwani ya moja kwa moja ya faili inaweza kubadilika hifadhi inapopandishwa toleo. Kwa njia hiyo pia, kazi iliyozuiwa kusomwa hadi tarehe fulani itaendelea kulindwa na DSpace yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, msiipe tovuti nywila ya msimamizi. Ivune kama mgeni yeyote, ione kile tu ambacho umma unaruhusiwa kukiona.

Mkitaka msomaji atafute ndani ya hifadhi papo hapo akiwa kwenye tovuti, tumieni REST API (njia ya programu moja kuiuliza nyingine moja kwa moja kupitia wavuti) iliyoandikwa upya katika DSpace 7 ya mwaka 2021. Hata hivyo, wekeni majibu katika akiba ya muda, kwani bila hiyo kurasa zenu zitakwama kila seva ya hifadhi inapozimwa kwa matengenezo.

SWALI: Je, wahadhiri wanaweza kuwasilisha kazi zao kupitia fomu ya tovuti, badala ya kujifunza mfumo wa hifadhi?

JIBU: Wanaweza. OAI-PMH husoma tu, kwa hiyo hapa mtahitaji itifaki ya SWORD, iliyobuniwa mahsusi kwa kupeleka kazi katika hifadhi, nayo DSpace inaipokea. Elekezeni mawasilisho hayo kwenye mkusanyiko wenye hatua ya ukaguzi, ili mkutubi asahihishe metadata na kuthibitisha haki za uchapishaji kabla kazi haijaonekana kwa umma. Fomu yenyewe iombe machache: kichwa, watunzi, mwaka, ikisiri, leseni na faili.